Tisini na Mbili

Bwana Rweyongeza wa bima ana kalamu ya bluu
na kidole kinachojua kila mstari wa fomu.
"Huku mmelipiwa hadi Juni thelathini," anasema.
"Kule Walvis Bay, kampuni ya mume
itawapokea Oktoba mosi.
Kwa hiyo hapo katikati, mama,
hapo katikati msiumwe."

Murhula anacheka. Mimi nahesabu:
tisini na mbili,
maana Julai na Agosti hazijui kupunguza.
Dirishani feri ya Kamanga inageuka kuja gatini,
ile ile aliyoichomelea sakafu mwaka juzi
akarudi nyumbani macho mekundu, ananuka chuma.

Ukurasa wa pili: *Maradhi yaliyokuwepo kabla.*
Kabla ya nini?
"Kabla ya sahihi."
Basi naandika kichocho, darasa la nne, Nansio,
tulipokuwa tukioga nyuma ya mawe
na mkojo ukawa rangi ya rozela.
Naandika presha, iliyokuja na mimba ya pili,
mimba ikaondoka, yenyewe ikabaki.
Nafasi ni sentimita mbili.
Naandika herufi ndogo kama chenga za mchele.

Ukurasa wa tatu unamtaka mtegemezi.
Miaka kumi na mmoja mtegemezi alikuwa yeye,
kwenye kadi yangu ya ualimu,
picha yake imefumba jicho moja.
Kila dirisha la Bugando walilisoma jina lake mara tatu,
kisha wakaniuliza mimi: huyu ni wa wapi?
Wa kwangu, nikawajibu.
Leo jina langu linahamia kisanduku kile kile:
Nkwimba. Mke. Mtegemezi. Mgeni.
Neno hilo nilizoea kuliona kwake,
kama koti linaloning'inia nyuma ya mlango.
Nalivaa. Mikono yake ni mirefu.

"Sasa mume. Upasuaji, majeraha, makovu?"
Namjibia, kama kawaida yangu:
la mgongoni, alianguka na pikipiki, Bukavu, zamani.

"Hapana," anasema Murhula.
"Andika risasi."

Bwana Rweyongeza haandiki.
Feni inageuka ukutani, inarudi.
"Iliingia, ikatoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Kule wakinipiga picha wataiona.
Sitaki waseme nilidanganya,
wakanifuta, wakamfuta na huyu."

Kovu hilo nimelipaka mafuta ya nazi
kila msimu wa vumbi tangu tuoane.
Nalijua kama kona ya Bwiru gizani, umeme umekatika.
Na sikulijua.

Sisemi kitu.
Nabana ukingo wa karatasi kwa vidole viwili
upepo wa feni usiichukue,
naye anaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulala,
mwaka, mahali,
na pale penye *sababu* anakaa kidogo,
kisha anaandika: *nilikuwa napita.*

Jioni tuko Makoroboi, duka la dawa la Bi. Mektilda.
Naomba vidonge vya presha tisini na viwili.
Anavisukuma kwa kisu cha plastiki, vitano vitano,
midomo ikihesabu bila sauti.
Mwishoni anaongeza vinane, bure.
"Vya mabegi yanayopotea," anasema.

Njiani kuelekea Kirumba Murhula ananipa masomo.
Cheti cha ndoa kikae mkononi, kisiingie begini.
Ukiulizwa swali moja, jibu moja.
Jina lako litamke polepole mara ya kwanza,
mara ya pili waache walikosee.
Ukiumwa, usiseme unaumwa sana; watakuogopa.
Usiseme kidogo pia; watakurudisha nyumbani.
Na hospitalini kaa mahali dirisha linakuona.

Nasimama karibu na wauza dagaa.
"Haya yote ulijifunzia wapi?"

"Hapa," anasema,
na kunipokea mfuko wa dawa.